Kujumlisha na kutoa sehemu: anza na jina la kipande

Jioni moja mtoto wa jirani, wa darasa la tano, aliniletea daftari lake la hisabati. Hesabu kumi, na zote kumi zimewekwa alama ya kosa kwa kalamu nyekundu. Ya kwanza ilikuwa 1/2 + 1/4, naye alikuwa amejibu 2/6. Nikafunga daftari, nikamwuliza: "Ukienda dukani ukachukua nusu kilo ya sukari, halafu ukaongeza robo, umebeba kiasi gani?" Hakufikiri hata kidogo. "Robo tatu." Nikamwambia basi andika robo tatu kwa tarakimu. Akaandika 3/4. Tukalifungua daftari, tukaitazama ile 2/6 pamoja. Akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe ni ile ile?"

Ni ile ile. Tangu siku hiyo, kila ninapokaa na mtoto kwa ajili ya sehemu, siandiki chochote kwanza. Naanza na mdomo wake, kwa sababu hesabu hii tayari anaijua, ila hajaambiwa kuwa kinachoandikwa darasani ndicho anachokisema dukani. Mwongozo huu nimeuandika kwa mzazi anayekaa mezani na mwanawe, kwa mwanafunzi anayejisomea, na kwa mtu mzima ambaye sehemu zilimpita shuleni na sasa anazihitaji kazini. Chukua kalamu na karatasi, tufanye pamoja.

Kabla ya kuandika, soma kwa sauti

Sehemu ina namba mbili. Ya juu inaitwa kiasi, ya chini inaitwa asili. Vitabu vinasema asili inaonyesha kitu kizima kimegawanywa katika vipande vingapi vilivyo sawa, na kiasi kinaonyesha tumechukua vingapi. Ni kweli kabisa. Lakini mtoto akitazama 3/4 anaona namba mbili za aina moja zilizotenganishwa na mstari, na akikutana na alama ya kujumlisha anajumlisha kila anachokiona: juu kwa juu, chini kwa chini.

Mimi husema hivi: asili ni jina la kipande, kiasi ni idadi ya vipande.

Kiswahili chenyewe kinalionyesha jambo hili waziwazi. Tunasema "robo tatu" kama tunavyosema "vikombe vitatu". Robo ndilo jina, tatu ndiyo idadi. Vipande vingine navyo vina majina: nusu, theluthi (1/3), robo, humusi (1/5), sudusi (1/6), subui (1/7), thumuni (1/8), tusui (1/9) na ushuri (1/10). Yametoka katika Kiarabu, na baadhi yake siku hizi huyasikii ila kwenye darsa za mirathi. Shuleni watoto husoma "mbili ya tano" au "tatu ya nane", nayo ni sawa. Bado nawaomba wazazi wawafundishe watoto majina haya, hata kwa wiki moja tu, kwa sababu yanaziba mlango wa kosa. Mwulize mtoto: humusi mbili ukiongeza humusi moja unapata nini? Atasema humusi tatu. Hakuna atakayejibu "ushuri tatu". Lakini mwandikie 2/5 + 1/5 bila kumwambia chochote, uone ni wangapi watakaoandika 3/10.

Majina yakifanana

Hapa hakuna kazi kubwa. Jina libaki lilivyo, idadi ndiyo inayojumlishwa au kupunguzwa.

2/5 + 1/5 = 3/5
7/8 − 4/8 = 3/8
5/9 + 2/9 = 7/9

Chungwa moja na chungwa moja ni machungwa mawili, jina halibadiliki. Thumuni saba ukitoa thumuni nne zinabaki thumuni tatu. Mtoto akikosea hapa, usiende mbele. Rudi kwenye kusoma kwa sauti mpaka akae sawa, maana yote yanayofuata ni njia ya kuirudisha kila hesabu kwenye hali hii.

Majina yasipofanana

Bibi zetu walipima nafaka kwa kibaba, kisaga na pishi. Vibaba viwili ni kisaga kimoja, na vibaba vinne ni pishi. Kwa hiyo kibaba ni robo ya pishi, na kisaga ni nusu yake. Sasa mtu ana kisaga kimoja cha mchele na kibaba kimoja. Ana nini? Hawezi kusema "viwili", kwa sababu atakuwa hajasema viwili vya nini. Anachofanya ni kukimimina kile kisaga kwa kibaba: kinatoa vibaba viwili, ukiongeza kile kimoja vinakuwa vitatu. Vibaba vitatu ni robo tatu ya pishi.

Kwa tarakimu ni hivi:

1/2 + 1/4 = 2/4 + 1/4 = 3/4

Mchele haukuongezeka wala haukupungua ulipopimwa upya. Kilichobadilika ni jina la kipimo na idadi yake. Hivyo ndivyo tunavyofanya tunapozidisha juu na chini kwa namba ile ile.

Kwa mtoto anayetaka kuona kwa macho, chukua karatasi moja. Ikunje iwe na sehemu tatu zilizo sawa, ifungue, upake rangi sehemu moja. Hiyo ni 1/3. Sasa ikunje tena, safari hii katikati, mkunjo ukikata ile ya kwanza kama msalaba. Ifungue, uhesabu. Karatasi ina vipande sita, na vilivyopakwa rangi ni viwili. Rangi haikuongezwa, lakini 1/3 imekuwa 2/6. Mkunjo mmoja ulivigawanya viwili vipande vyote, vyenye rangi na visivyo na rangi, ndiyo maana juu kumezidishwa kwa 2 na chini kumezidishwa kwa 2. Mtoto akishakunja karatasi yake mwenyewe, kanuni ya "unachofanya chini ufanye na juu" inakoma kuwa amri ya mwalimu.

Kutafuta jina la pamoja

Tuchukue 1/2 + 1/3. Nusu haiwezi kugeuzwa theluthi nzima nzima, wala theluthi haiwezi kugeuzwa nusu. Tunahitaji kipande cha tatu ambacho zote mbili zinaweza kukatwa zikawa hicho. Tunatafuta namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa 2 na kwa 3 bila baki. Shuleni inaitwa Kigawe Kidogo cha Shirika, kwa kifupi KDS. KDS ya 2 na 3 ni 6.

Nusu ni sudusi tatu: 1/2 = 3/6.
Theluthi ni sudusi mbili: 1/3 = 2/6.
Jumla ni sudusi tano: 5/6.

Namna ya haraka ya kupata KDS: shika asili iliyo kubwa, taja vigawe vyake kimoja kimoja, na kwa kila kimoja uliza kama asili ndogo inakigawanya. Kwa 3/4 + 1/6, asili kubwa ni 6. Vigawe vyake ni 6, 12, 18 na kuendelea. Je, 4 inagawanya 6? Hapana. Inagawanya 12? Ndiyo, mara tatu. Basi ni 12.

3/4 = 9/12 (4 imezidishwa kwa 3, na 3 ya juu imezidishwa kwa 3)
1/6 = 2/12 (6 imezidishwa kwa 2, na 1 ya juu imezidishwa kwa 2)
9/12 + 2/12 = 11/12

Asili zikiwa kubwa, kutaja vigawe kunachosha. Hapo zivunje katika namba tasa, yaani namba zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, kama 2, 3 na 5. Tuseme 5/12 + 7/18. Kumi na mbili ni 2 × 2 × 3. Kumi na nane ni 2 × 3 × 3. Chukua kila namba tasa kwa wingi wake mkubwa inavyojitokeza upande mmojawapo: 2 imetokea mara mbili kwenye 12, na 3 imetokea mara mbili kwenye 18. Kwa hiyo KDS ni 2 × 2 × 3 × 3 = 36.

5/12 = 15/36
7/18 = 14/36
Jumla ni 29/36.

Kuna njia ya mkato ambayo wanafunzi wengi wanaipenda: kuzidisha asili kwa asili, kisha kuzidisha kimshazari kupata viasi vya juu. Inafanya kazi, sitamdanganya mtu. Ila kwa hesabu hiyo hiyo ya 5/12 + 7/18 inakupeleka kwenye 90/216 + 84/216 = 174/216, ambayo baadaye unatakiwa kuigawanya juu na chini kwa 6 ndipo urudi kwenye 29/36. Mtoto mwenye dakika chache za mtihani anakosea katikati ya namba hizo kubwa. Na zikija sehemu tatu kwa mpigo, mistari ya mshazari inachanganyika yote. Kwa KDS hata zikiwa tatu njia ni ile ile:

1/2 + 2/3 + 3/4 = 6/12 + 8/12 + 9/12 = 23/12

Hiyo 23/12 ni sehemu guni, yaani kiasi kimezidi asili. Kumi na mbili kati ya hizo zinatengeneza kimoja kizima, zinabaki 11. Jibu ni 1 11/12, nzima moja na kumi na moja ya kumi na mbili.

Saa ya ukutani

Nyumba yenye saa ya mishale ina kifaa kizuri cha kufundishia sehemu. Saa ina dakika 60, na 60 inagawanyika kwa 2, 3, 4, 5, 6, 10, 12, 15, 20 na 30. Nusu saa ni dakika 30, theluthi ni 20, robo ni 15, humusi ni 12, sudusi ni 10. Mtoto akipewa 1/4 + 2/5, mwambie afikirie dakika: robo saa ni 15, humusi mbili ni 24, jumla dakika 39. Yaani 39/60. Gawanya juu na chini kwa 3, unapata 13/20. Jaribu kwa KDS ya 4 na 5, ambayo ni 20: 5/20 + 8/20 = 13/20. Zimekubaliana.

Hapo nimerahisisha jibu, na ni vizuri kueleza tulivyofanya. Kurahisisha ni kurudi nyuma kwenye ile karatasi iliyokunjwa: tunaunganisha vipande vidogo viwe vikubwa bila kubadilisha rangi iliyopakwa. Tafuta namba inayogawanya juu na chini bila baki, ugawanye. Ukipata Kigawo Kikubwa cha Shirika, KKS, unamaliza kwa hatua moja. Usipokiona, gawanya kidogo kidogo, kwa 2, kwa 3, kwa 5, mpaka isigawanyike tena. Mfano 1/6 + 3/10: KDS ni 30, kwa hiyo 5/30 + 9/30 = 14/30. Zote mbili zinagawanyika kwa 2, jibu ni 7/15.

Kutoa

Aliyejua kujumlisha amekwisha kujua kutoa, kwa sababu maandalizi hayatofautiani. Fananisha majina, kisha toa idadi.

7/8 − 5/12. KDS ya 8 na 12 ni 24.
7/8 = 21/24
5/12 = 10/24
21/24 − 10/24 = 11/24

Penye kuwatatiza wengi ni kutoa sehemu katika namba nzima, na hapo napo lugha imetangulia. Tunasema "saa tatu kasorobo". Maana yake ni tatu ikapunguzwa robo. Mtoto yeyote anayejua kusoma saa anajua kuwa saa tatu kasorobo ni saa mbili na dakika 45, yaani mbili na robo tatu. Kwa maandishi:

3 − 1/4

Kwenye ile tatu tunavunja moja na kuiita robo nne. Tatu inakuwa 2 4/4. Toa 1/4, inabaki 2 3/4.

Dukani vile vile. Una robo tatu ya nyama, umemkatia jirani nusu robo. Nusu robo ni thumuni, 1/8 ya kilo. Robo tatu ni thumuni sita. Sita toa moja, umebakiwa na thumuni tano: 5/8 ya kilo, ambazo ni gramu 625.

Namba mchanganyiko

Namba mchanganyiko ni nzima na sehemu zikikaa pamoja, kama 2 3/4. Wengine hufundisha kuzigeuza zote kuwa sehemu guni kwanza. Kwa kuzidisha na kugawanya nakubaliana nao, lakini kwa kujumlisha na kutoa naona ni kujibebesha mzigo bure. Jumlisha nzima kwa nzima, sehemu kwa sehemu.

2 3/4 + 1 2/3
Nzima: 2 + 1 = 3
Sehemu: 9/12 + 8/12 = 17/12 = 1 5/12
Jumla: 3 + 1 5/12 = 4 5/12

Kwenye kutoa ndipo penye shimo, hasa sehemu ya kutolewa ikiwa kubwa kuliko ile iliyopo. Tumfuate fundi seremala. Ana ubao wa inchi 12 1/4, anataka kukata kipande cha inchi 5 7/8. Ubaki na inchi ngapi?

Ukitazama tepu yake utaona kila inchi ina mistari ya urefu mbalimbali. Wa katikati ni mrefu kuliko wenzake, huo ni nusu. Inafuata ya robo, mifupi kidogo, kisha ya thumuni, kisha midogo kabisa ambayo kwenye tepu nyingi ni ya 1/16. Tepu ile ni somo zima la sehemu zinazolingana: ukihesabu vimistari vya thumuni kutoka mwanzo wa inchi, cha pili unakikuta pale pale penye mstari wa robo. 2/8 na 1/4 ni alama moja.

Basi 12 1/4 ni 12 2/8. Tunataka kutoa 5 7/8. Thumuni saba hazitoki kwenye thumuni mbili. Azima inchi moja kutoka kwenye 12 uivunje iwe thumuni nane. Zinaongezeka kwenye mbili zilizopo, zinakuwa kumi:

12 2/8 = 11 10/8
11 10/8 − 5 7/8 = 6 3/8

Fundi mzuri hataishia hapo, kwa sababu msumeno nao unakula mbao. Kama meno yake yanakula thumuni moja ya inchi, ubao uliobaki ni 6 3/8 − 1/8 = 6 2/8, yaani inchi 6 na robo. Anayekata vipande vitano bila kuhesabu unga wa msumeno atakuta cha mwisho kimepungua nusu inchi, na kabati halitafunga.

Azima kwenye sehemu si sawa na azima ya namba za kawaida, na watoto wengi hukwama papo hapo. Wamezoea kuwa ukiazima unapata kumi. Huku unapata idadi inayolingana na jina la kipande: ukiwa na thumuni unapata nane, ukiwa na theluthi unapata tatu, ukiwa na vipande vya kumi na tano unapata kumi na tano. Mwulize kila mara, "Nzima moja ina vipande vingapi vya jina hili?" Swali hilo moja linatosha.

Mirathi, mahali hesabu hii ilipofanywa kwa uzito

Huku kwetu pwani, wengi waliojifunza sehemu barabara walizijulia kwenye elimu ya mirathi. Mafungu yaliyotajwa katika Qurani, sura ya nne, ni sita: nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi moja na sudusi. Tazama asili zake: 2, 4, 8, 3, 6. KDS ya zote ni 24, kwa hiyo mafungu yote sita yanaandikika kwa asili hiyo moja.

Chukua mfano wa mwanamke aliyefariki akaacha mume, mama na mtoto mmoja wa kiume. Kwa kuwa ameacha mtoto, mume ana robo, mama ana sudusi, na mtoto wa kiume anachukua kinachobaki.

1/4 + 1/6 = 3/12 + 2/12 = 5/12
1 − 5/12 = 12/12 − 5/12 = 7/12

Mali ikiwa shilingi milioni 12, mume anapata milioni 3, mama milioni 2, mtoto milioni 7. Jumlisha uone: zimetimia 12.

Mfano wa pili ni mashuhuri katika vitabu vya fiqhi, yaani sheria za Kiislamu. Mwanamume amefariki, ameacha mke, binti wawili, baba na mama. Mke ana thumuni, binti wawili wana theluthi mbili, baba ana sudusi na mama ana sudusi.

1/8 + 2/3 + 1/6 + 1/6 = 3/24 + 16/24 + 4/24 + 4/24 = 27/24

Mafungu yamezidi mali! Kinachopatikana ni 24, wanaodai ni 27. Inasimuliwa kuwa Ali bin Abi Talib, khalifa wa nne wa Waislamu, aliulizwa suala hili akiwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo kuwa thumuni ya mke imekuwa tusui, kisha akaendelea na hotuba yake. Ndiyo maana suala hili linaitwa la mimbari. Njia wanayoifuata wanazuoni wa Kisunni inaitwa aul: mali inagawanywa mafungu 27 badala ya 24, na kila mmoja anabaki na idadi yake ya mafungu. Mke ana 3/27. Rahisisha kwa 3, ni 1/9, tusui kweli. Kila mrithi amepunguziwa kwa uwiano ule ule, hakuna aliyeachwa.

Mimi huwaonyesha vijana hesabu hii kwa sababu inaweka wazi kazi ya asili. Vipande vya mke ni vitatu kabla na vitatu baada ya aul. Jina la kipande ndilo lililobadilika, na kwa sababu hiyo peke yake fungu lake limepungua. (Mgawanyo wa mirathi halisi una masharti mengi zaidi ya haya, na kazi hiyo ni ya kadhi.)

Kagua kabla hujafunga daftari

Kabla ya kukubali jibu lolote, lipime kwa nusu na kwa nzima. 1/2 + 1/3 lazima izidi nusu, maana nusu tayari imo ndani. Mwanafunzi aliyeandika 2/5 aulizwe: 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko nusu? Ni ndogo, kwa sababu nusu ya 5 ni 2 na nusu. Umeongeza kitu kwenye nusu ukapata kilicho pungufu ya nusu, hilo haliwezekani. Kwenye kutoa, geuza: jumlisha jibu na ulichotoa, urudi ulikoanza. 6 3/8 + 5 7/8 = 11 10/8 = 12 2/8 = 12 1/4. Ubao umerudi.

Makosa mengine ninayoyaona mara kwa mara: kubadilisha asili na kusahau kuzidisha juu (3/4 inaandikwa 3/12), na kusahau nzima iliyozaliwa na sehemu guni. Yote mawili yanakamatwa na kipimo hiki cha nusu na nzima. Robo tatu iliyogeuka 3/12 imekuwa robo moja, na mtoto ataiona mwenyewe ukimwambia aisome.

Mazoezi

Fanya haya bila kutazama majibu.

1. 3/7 + 2/7
2. 2/3 + 1/5
3. 5/6 − 4/9
4. 1 5/6 + 2 3/4
5. 6 1/3 − 2 4/5
6. Mama ana kilo 2 za unga. Asubuhi ametumia robo tatu ya kilo kwa chapati, jioni nusu robo kwa uji. Kimebaki kiasi gani?
7. Mwanamume amefariki akaacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume. Mke ana thumuni, mama ana sudusi. Mtoto anapata sehemu gani?

Majibu: (1) 5/7. (2) 10/15 + 3/15 = 13/15. (3) 15/18 − 8/18 = 7/18. (4) 3 + 10/12 + 9/12 = 3 19/12 = 4 7/12. (5) 6 5/15 − 2 12/15 = 5 20/15 − 2 12/15 = 3 8/15. (6) 6/8 + 1/8 = 7/8; 2 − 7/8 = kilo 1 1/8. (7) 3/24 + 4/24 = 7/24; mtoto anapata 17/24.

Mwanao akiandika 4 7/15 kwenye hesabu ya tano, usimfutie. Amefananisha majina vizuri, ila alipoona 5/15 haitoshi akageuza, akatoa 5 kwenye 12. Mrudishe kwenye ubao wa fundi, umwulize nzima moja ina vipande vingapi vya kumi na tano, kisha umpe kalamu amalizie mwenyewe.